Kuacha omeprazoli bila kuungua: gastrini na seli za ukuta wa tumbo

Mtu anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miezi miwili, tumbo linatulia. Anaiacha Jumatatu, na wiki inayofuata kiungulia kimerudi, tena kikali kuliko cha mwanzo. Anarudi duka la dawa la mtaani, Manzese au Mbagala, anasema "vidonda vimeamka", anauziwa pakiti nyingine. Hivyo hivyo miaka inakatika.

Mara nyingi hakuna kidonda kilichoamka. Katika miezi ile miwili ukuta wa tumbo ulikuwa ukiongeza seli, na seli zilizoongezeka ni zile zinazohusika na kutengeneza asidi. Dawa ilipoondoka, kiwanda kilichopanuliwa kikafunguliwa chote kwa wakati mmoja. Aliyekipanua ni homoni iitwayo gastrini. Ukiielewa hiyo utajua kwa nini omeprazoli humezwa kabla ya kula, kwa nini haiachwi hovyo, na kwa nini bakteria wa tumbo hutafutwa kwanza.

Hapa tunaposema tumbo tuna maana ya mfuko wenyewe wa chakula, si eneo zima chini ya mbavu. Na kama unatapika damu au kitu kama unga wa kahawa uliolowa, unapata choo cheusi kinachonata kama lami, unakonda bila sababu, chakula kinakwama ukimeza, au umeambiwa damu imepungua, usiendelee kusoma habari za kupunguza dozi. Nenda hospitali leo.

Gastrini inavyofanya kazi

Gastrini hutengenezwa na seli G, ambazo nyingi zimo sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kutokea kwenda kwenye utumbo mwembamba. John Edkins wa Uingereza aliitaja mwaka 1905, akabishiwa kwa miongo kadhaa, mpaka Gregory na Tracy wa Liverpool walipoitenga ikiwa safi mwaka 1964. Huingia kwenye damu, ikazunguka mwili, kisha ikarudi tumboni humo humo, safari hii sehemu ya juu na ya kati, ambako asidi hutengenezwa.

Watu wengi hudhani gastrini huiamrisha seli ya asidi moja kwa moja. Kwa sehemu kubwa sivyo. Hupitia kwa seli jirani zinazohifadhi histamini. Gastrini inagonga mlango wa seli hizo, zinamwaga histamini, na histamini ndiyo inayoisukuma seli ya asidi kuwasha pampu zake za kumwaga asidi. Ndiyo maana kuna aina mbili za dawa: famotidini na simetidini huziba mlango wa histamini, na omeprazoli na ndugu zake (esomeprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli, lansoprazoli) huifunga pampu yenyewe mwishoni mwa mnyororo.

Breki ipo. Asidi ikijaa na makali yake kufika pH ya 3 au chini zaidi (pH ikishuka, asidi ni kali zaidi), seli D za jirani hutoa somatostatini, nayo huzituliza seli G. Asidi nyingi, gastrini kidogo. Asidi kidogo, gastrini nyingi. Ni kama tangi la maji lenye boya: maji yakijaa boya linafunga bomba, yakipungua linafungua.

Sasa fikiria boya likiwa chini kila siku. Omeprazoli imezima asidi, tumbo linadhani asidi imekwisha, seli G zinaongeza gastrini bila kupumzika. Kwa watumiaji wengi wa kila siku kiwango cha gastrini kwenye damu hupanda mara 2 hadi 4 ya kile cha awali. Isingekuwa tatizo kubwa kama gastrini ingekuwa na kazi ya kuamsha asidi tu. Lakini ina kazi ya pili, ya ujenzi.

Kuzaliwa na kufa kwa seli

Ukuta wa ndani wa tumbo umejaa vishimo vidogo, na chini ya kila kishimo kuna tezi iliyochongoka kwenda chini kama mrija. Shingoni mwa mrija huo hukaa seli shina, yaani seli mama zinazogawanyika na kuzaa nyingine. Watoto wanaopanda juu huwa seli za ute, ambao ndio kinga dhidi ya asidi. Wanaoshuka chini huwa seli za asidi au seli za vimeng'enya.

Umri wao haulingani. Seli za ute za juu huishi siku chache tu, zikabanduka na kubadilishwa. Seli za asidi huishi muda mrefu zaidi. Kwa panya wa maabara hukadiriwa karibu siku 54. Tofauti hii ya umri ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kuhusu kuacha dawa, kwa hiyo ikumbuke.

Gastrini inapokuwa juu kwa wiki nyingi, mambo mawili huongezeka. Seli za histamini hugawanyika zenyewe na kuwa nyingi. Na seli za asidi, ambazo hazigawanyiki zenyewe, huongezwa kutoka kwa seli shina. Kwa hili la pili gastrini haitegemei kuzigusa seli shina zenyewe. Huzichochea seli zilizokomaa zitoe vichocheo vya ukuaji vinavyofika kwa majirani. Kinyume chake kimeonekana pia: panya waliozaliwa bila jini la gastrini huwa na seli pungufu za asidi zilizokomaa, na tumbo lao hutoa asidi kidogo sana.

Kufa kwa seli nako kumo katika hesabu. Seli ya tumbo haifi kwa ajali tu. Ina utaratibu wake wa kujimaliza ikichakaa au ikiharibika, inajikunja, inajikatakata na kumezwa na jirani bila kuleta uvimbe. Ukuta wenye afya ni ule ambao idadi inayokufa inalingana na inayozaliwa. Watu huuliza: je, gastrini inazuia seli kufa au inazisukuma zife? Jibu linategemea seli ipi na kwa muda gani. Kwa seli za histamini huziongezea uwezo wa kuendelea kuishi. Lakini panya waliotengenezwa wawe na gastrini nyingi maisha yao yote walionyesha picha ya pande mbili: mwanzoni seli za asidi ziliongezeka, baadaye zikaanza kupukutika, na ukuta wao ukawa mwepesi kuua seli pale unapopata jeraha. Walipoambukizwa bakteria wa jamii ya Helikobakta, kupukutika kulikwenda kasi na baadhi wakapata saratani ya tumbo.

Binadamu si panya, na hatusemi kwamba kapsuli ya omeprazoli inaleta saratani. Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1988 baada ya hofu ya namna hiyo hiyo: panya waliopewa dozi kubwa maisha yao yote walipata uvimbe wa seli za histamini. Kwa watu, tangu hapo, kinachoonekana mara kwa mara ni seli hizo kuongezeka, pamoja na vinyama vidogo visivyo na madhara kwenye ukuta wa tumbo, na uvimbe wa kweli ni nadra sana. Ila lile la bakteria ni la kuzingatia, kwa sababu seli za histamini huongezeka zaidi kwa mtumiaji wa muda mrefu mwenye Helikobakta pailori kuliko kwa asiye naye.

Hatua ya kwanza: mtafute bakteria

Helikobakta pailori ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo, pamoja na dawa za maumivu. Marshall na Warren wa Australia walimwotesha maabara mwaka 1982 na wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu huchezea gastrini yeye mwenyewe. Akikaa sehemu ya chini ya tumbo huzipunguzia nguvu zile seli D za somatostatini, breki inalegea, gastrini inapanda, asidi inamwagikia utumbo mwembamba na kidonda kinatokea huko. Akisambaa tumbo zima kwa miaka, sumu zake na uvimbe anaouleta huua seli kwa kasi kuliko zinavyozaliwa, na tezi za asidi zinakonda. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Kwa hiyo kabla ya kuishi na omeprazoli, pima. Dar kipimo kinachopatikana kirahisi ni kile cha tone la damu, na ndicho tunachokishauri kwa shingo upande. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu miezi hata miaka baada ya bakteria kufa. Mtu aliyetibiwa akapona anaweza kupimwa hivyo akaambiwa "bado unao", akanywa antibayotiki mara ya pili na ya tatu bure. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi pale kilipo. Hospitali kubwa pia huchukua kinyama kidogo wakati wa kumulika tumbo kwa kamera.

Vipimo hivi vina masharti, na duka au kliniki nyingi hazimwambii mgonjwa:

– Acha omeprazoli na ndugu zake wiki 2 kabla ya kipimo.
– Acha antibayotiki yoyote, na dawa zenye bismuthi, wiki 4 kabla.
– Ukimaliza matibabu, rudia kipimo si chini ya wiki 4 baadaye.

Ukipima huku unameza omeprazoli, bakteria huwa wamepungua na kujificha, na unapata jibu la "hakuna" ambalo ni la uongo. Hili ndilo kosa tunaloliona limeenea kuliko yote. Wiki zile mbili za kusubiri unaweza kutumia dawa ya kutafuna au ya maji ya kupoza asidi.

Matibabu huandikwa na daktari, ila mgonjwa anapaswa kujua umbo lake ili asiuziwe nusu. Mchanganyiko wa zamani ni omeprazoli mara 2 kwa siku, amoksilini gramu 1 mara 2 (yaani kapsuli mbili za miligramu 500 asubuhi na mbili jioni), na klarithromaisini miligramu 500 mara 2, kwa siku 14. Mwenye mzio wa penisilini hatumii amoksilini. Pale klarithromaisini inaposhindwa, na inashindwa zaidi kadiri miaka inavyokwenda, hutumika mchanganyiko wa dawa nne: omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Bismuthi hugeuza choo kuwa cheusi. Hicho hakinati wala hakina ule uvundo wa damu iliyoiva. Metronidazoli na pombe haziendi pamoja. Watu wengi huishia siku ya 5 kwa sababu ya ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, na hapo ndipo bakteria sugu hubaki. Kama huwezi kukamilisha siku 14 wiki hii kwa sababu ya safari au shughuli, afadhali usubiri uanze wiki ambayo utaweza.

Kumeza ipasavyo

Omeprazoli hukaa kwenye damu saa chache tu, lakini ikiishika pampu haiiachii. Mwili inabidi utengeneze pampu mpya. Shida ni kwamba huishika pampu iliyo kazini tu, na pampu huingia kazini unapokula. Kwa hiyo: kapsuli dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza, kisha kula kweli. Anayemeza asubuhi halafu akaondoka na daladala akala saa nne ofisini amepoteza sehemu kubwa ya dozi. Anayemeza usiku wa kulala, tumbo tupu, hivyo hivyo. Nguvu yake kamili hufika baada ya siku 3 hadi 5, kwa hiyo si dawa ya kumeza siku unayoumwa tu kama ya kichwa.

Mfungo wa Ramadhani haukatazi hili, unabadilisha saa tu. Futuru kwa maji na tende chache, meza kapsuli, nenda kaswali magharibi, ndipo ukalie futari. Ukitumia mara mbili, nyingine meza ukiamka, kabla ya kuandaa daku.

Chembe zilizo ndani ya kapsuli zimevishwa gamba linalostahimili asidi na kuyeyuka zikifika utumbo mwembamba. Usizitafune, usizisage. Asiyeweza kumeza anaweza kuzimwaga kwenye kijiko cha juisi ya machungwa na kumeza zikiwa nzima. Usitumie maziwa, kwa sababu hayana uchachu wa kulinda lile gamba na linaweza kuyeyuka kabla ya wakati.

Joto na unyevu wa Dar ni adui wa dawa hii. Kapsuli zilizohesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi huharibika upesi kuliko zilizo kwenye pakiti yake ya plastiki na karatasi ya fedha. Fungua moja: chembe zikiwa zimegeuka rangi ya kahawia au zambarau badala ya weupe, hazina kazi tena. Usiziache kwenye gari wala kwenye dirisha linalopigwa jua.

Mwambie mfamasia dawa nyingine zote unazotumia. Kati ya dawa za VVU, atazanaviri hupoteza nguvu tumbo likikosa asidi, na rilpivirini haitumiki kabisa pamoja na omeprazoli. Rifampisini ya kifua kikuu hudhoofisha omeprazoli yenyewe. Klopidogreli ya moyo hudhoofishwa na omeprazoli, hapo pantoprazoli ni chaguo bora. Na wanaotumia dolutegraviri, nayo ya VVU, ambao ni wengi, wasimeze pamoja na dawa za kupoza asidi zenye magneziamu au aluminiamu: dolutegraviri iende saa 2 kabla ya hizo, au saa 6 baada yake.

Kuacha

Kwanza, wapo wasiopaswa kuacha bila daktari wao kusema: aliyewahi kutoka damu kwa kidonda, anayetumia aspirini au diklofenaki kila siku na ana umri mkubwa, aliyeambiwa koo la chakula limechubuka vibaya au limebadilika seli, na mwenye uvimbe unaotoa gastrini. Kwao faida ya dawa ni kubwa kuliko usumbufu wote tuliouelezea.

Wengine wote waliotumia zaidi ya wiki 8 bila sababu inayoendelea wanaweza kujaribu. Mwaka 2009 huko Denmark watu 120 wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa esomeprazoli kwa wiki 8 kisha dawa ya bandia wiki 4, jingine dawa ya bandia muda wote. Baada ya kuacha, asilimia 44 ya waliotumia dawa halisi walipata kiungulia au maumivu ya asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wengine. Watu wenye afya kabisa, waliumwa kwa sababu ya kuacha. Mwenye kiungulia chake cha zamani asishangae.

Ukiacha, gastrini hushuka mapema, ndani ya wiki moja au mbili. Seli zilizoongezeka hazishuki nayo. Zinasubiri umri wake uishe, zife kwa utaratibu wa kawaida, na zisizaliwe nyingine nyingi badala yake. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, hadi miezi miwili au mitatu. Kinachotakiwa ni kuvuka kipindi hicho bila kurudi kwenye kapsuli, kwa sababu kila ukirudi kwa wiki kadhaa unaanza ujenzi upya.

Ratiba tunayoipendekeza, kwa aliyekuwa akitumia miligramu 20 mara 2:

Wiki ya 1 na ya 2, miligramu 20 asubuhi tu. Wiki ya 3 na ya 4, miligramu 20 siku moja ndiyo siku moja hapana, au miligramu 10 kila siku ukizipata. Kisha acha. Aliyekuwa akitumia moja kwa siku aanzie wiki ya 3. Tuseme wazi kwamba hakuna uthibitisho mzuri kuwa kupunguza polepole kunashinda kuacha ghafla. Ukubwa wa kiwanda ni ule ule. Tunaipendelea kwa sababu mtu anapata nafasi ya kubadilisha ulaji na kuzoea, na wachache hukata tamaa siku ya tatu.

Siku ngumu zaidi kwa kawaida huja ndani ya wiki mbili za kwanza tangu kapsuli ya mwisho. Kwa siku hizo weka karibu dawa ya kupoza: vidonge vya magneziamu vya kutafuna au ile ya maji, saa moja hivi baada ya kula na wakati wa kulala. Magneziamu huharisha, aluminiamu hufunga choo, zilizochanganywa hupatanisha. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila ushauri. Ikizidi, famotidini miligramu 20 usiku, kwa siku chache chache, kwa sababu ukiimeza mfululizo tumbo huizoea ndani ya wiki moja au mbili na nguvu yake hupungua. Ranitidini ya zamani iache hata ukiikuta kabatini. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa uchafu unaohofiwa kuleta saratani.

Kulamba magadi hatulishauri. Inapoza kwa dakika chache, inajaza gesi, na chumvi yake nyingi ni mbaya kwa mwenye presha. Pia asidi ikizimwa ghafla namna hiyo, boya linashuka na gastrini inaamka.

Kiungulia cha siku mbili tatu kwa wiki kinachotulia kwa vidonge vya kutafuna ni cha kuvumilia. Kikiendelea kwa nguvu zaidi ya miezi miwili tangu uache, huenda si cha kuacha dawa tena. Huenda kuna ugonjwa chini yake, nenda ukamulikwe tumbo.

Chakula katika wiki hizo

Gastrini huamshwa na protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, na tumbo kutanuka kwa shibe, na kalisi. Angalia hapo supu ya asubuhi: mchuzi wa nyama uliochemka usiku kucha ni protini iliyovunjwa tayari, inateremka kwenye tumbo tupu. Mlo kama huo huamsha gastrini haraka. Bia nayo huamsha gastrini, na divai, kuliko hata pombe kali. Ni kitu kilichomo kwenye kinywaji kilichochachuka, si kilevi chenyewe. Supu ya asubuhi ya kutoa uchovu wa bia ya jana ni mkusanyiko ambao tumbo linalojirudi haliuhitaji.

Maziwa ni kisa kingine. Karibu kila mwenye vidonda ameambiwa anywe maziwa. Yanapoza kwa nusu saa, halafu protini na kalisi yake huita asidi zaidi ya ile iliyopozwa. Kunywa kama chakula, kikombe kimoja na mlo. Usiyafanye dawa ya usiku wa manane.

Pilipili haileti vidonda, wala ndimu. Zinauma pale pamechubuka, basi. Kama hazikuumizi, kula. Kinachosaidia kwa hakika ni kula kiasi, mara nyingi zaidi, na kukaa saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala. Kwa anayefika nyumbani Kimara saa tatu usiku baada ya foleni hilo ni gumu, kwa hiyo mlo mkubwa uhamie mchana na usiku uwe uji au ndizi chache. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu yake, sentimita 15 hivi. Kurundika mito hukunja tumbo tu.

Dawa za maumivu ni muhimu kuliko vyakula vyote hivi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kemikali zinazolinda ute na kuziwezesha seli za juu kujirudishia, hivyo zinakufa bila kuzibwa pengo. Kwa mgongo na kichwa tumia parasetamoli. Soma kila pakiti ya dawa ya mchanganyiko: nyingi zinazouzwa kama dawa ya mwili kuuma zina diklofenaki pamoja na parasetamoli.

Kupima gastrini kwenye damu

Wengi hawahitaji kipimo hiki. Kinahitajika pale vidonda vinarudi bila bakteria na bila dawa za maumivu, vikiwa vingi, au vikiambatana na kuhara kusikoisha. Hapo daktari hufikiria uvimbe unaotoa gastrini, ambao Zollinger na Ellison waliueleza mwaka 1955.

Kikipimwa kwa haraka kinadanganya. Fika hujala tangu usiku, saa 10 hadi 12. Omeprazoli huachwa karibu wiki nzima, famotidini siku 1 au 2, lakini kwa anayeshukiwa uvimbe huo kuacha ghafla ni hatari, kidonda kinaweza kutoboka, kwa hiyo daktari ndiye wa kuamua na kusimamia. Damu iwekwe kwenye barafu mara tu ikitolewa, itenganishwe na kugandishwa, kwa sababu gastrini huvunjika kwenye joto. Uliza maabara kama inapima yenyewe au inatuma kwingine. Sampuli iliyokaa kwenye mfuko wa bodaboda kutoka Tegeta hadi mjini mchana haina maana tena, na itatoa namba ya chini kuliko ukweli.

Kwa maabara nyingi kawaida ni chini ya pikogramu 100 kwa mililita. Namba ya juu peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa asidi nyingi. Zaidi ya 1,000 huku asidi ya tumbo ikiwa kali, pH ya 2 au chini, inaelekeza kwenye uvimbe. Zaidi ya 1,000 huku tumbo halina asidi kabisa ni habari ya kinyume: mara nyingi kinga ya mwili imeua seli za asidi, na gastrini inapiga kelele kuita seli ambazo hazipo. Huyo wa pili anahitaji kupimwa vitamini B12, na omeprazoli aliyokuwa akiuziwa haina asidi ya kuzima.